Eko ya Moyo wa Mtoto Mjini Unguja: Kliniki Mbili, Ripoti Mbili

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mzazi wa Unguja au Pemba aliyeambiwa kwamba mwanawe ana tundu kwenye moyo, na ambaye sasa ana karatasi ya daktari mkononi lakini hajui ampeleke wapi mtoto akapimwe eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Mimi ni mkaazi wa Wete na ni mwalimu wa skuli ya msingi. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka mitano, alipimwa eko katika kliniki mbili tofauti za mjini Unguja katika muda wa miezi minne. Kliniki ya kwanza sitaitaja jina, kwa sababu sitaki kumvunjia mtu riziki yake kwa kosa ambalo huenda ameshalirekebisha. Ya pili nayo sitaitaja, kwa kuwa daktari mwenyewe aliniomba hivyo, akisema kwamba foleni yake tayari inamshinda. Nitaeleza nilichokiona kwa urefu, ili mzazi aweze kuitambua huduma nzuri popote atakapoikuta.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kliniki zote mbili zilikuwa na mashine zilizoonekana mpya, na kwa macho ya mtu asiyekuwa mtaalamu sikuweza kusema ipi ilikuwa bora. Tofauti niliiona katika muda uliotumika, katika sehemu za kifua ambazo kifaa kiliwekwa, na zaidi ya yote katika ripoti tuliyoondoka nayo. Ripoti ya kwanza ilitupotezea miezi minne na usingizi wa usiku mwingi. Ripoti ya pili ndiyo iliyomfikisha mtoto kwenye matibabu.

Binti yangu tangu mdogo alikuwa mtu wa vifua. Kila mvua za masika zikianza, yeye alikuwa wa mwanzo kukohoa na wa mwisho kupona, na uzito wake ulipanda polepole kuliko wa nduguze. Hakuwa na rangi ya buluu midomoni wala kwenye kucha, na hilo ndilo lililotufanya tusidhanie kabisa kwamba moyo unahusika. Daktari mmoja wa Pemba, alipomweka kipimo cha masikio kifuani kwa ajili ya kikohozi tu, alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaniambia kwamba anasikia mvumo, na kwamba pigo la pili la moyo limegawanyika mara mbili na mgawanyiko huo haubadiliki mtoto anapovuta pumzi wala anapoitoa. Alinifahamisha kuwa mvumo wenyewe hautoki kwenye tundu, kwa sababu damu hupita hapo kwa utulivu. Unatoka kwenye valvu ya mshipa mkuu wa mapafu, ambayo inalazimika kupitisha damu nyingi kuliko ilivyoumbiwa. Mpaka leo namshukuru kwa dakika tano zile. Aliandika karatasi na kutuelekeza Unguja tukapimwe eko.

Tulishuka Mkoani kwa gari ya alfajiri na tukavuka kwa boti. Kliniki ya kwanza tulielekezwa na jamaa, na ilikuwa safi, yenye kiyoyozi na viti vizuri, na tuliingia ndani bila ya kungoja hata robo saa. Mpimaji alimlaza mtoto chali, akampaka jeli upande wa kushoto wa kifua chini ya chuchu, akaweka kifaa hapo hapo na hakukihamisha sana. Mtoto alilia, na mpimaji akaharakisha. Sidhani kama dakika saba zilitimia. Tuliambiwa tungoje nje, na tukapewa karatasi yenye mihuri miwili na sentensi mbili: kwamba mtoto ana tundu kwenye moyo, na kwamba apelekwe kwa upasuaji. Nilipouliza tundu liko wapi na lina ukubwa gani, niliambiwa kwamba hayo ataulizwa daktari wa upasuaji. Nililipa shilingi 60,000 na nikarudi nyumbani nikiwa na hofu ambayo sikuwa nayo nilipotoka.

Karatasi ile ilikuwa na uzito wake nyumbani. Neno upasuaji lilipofika kwa mama yangu mzee, yeye alilifahamu kuwa ni kupasuliwa kifua, na hakuna aliyeweza kumwambia vinginevyo kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua. Mume wangu alitaka tuanze kutafuta fedha, kaka yangu akataka kwanza tujaribu dawa za kitabibu, na mimi nilikuwa nikimwangalia mtoto akilala na kuhesabu pumzi zake. Tulipojaribu kuomba rufaa kwa ripoti ile, tuliambiwa kwa upole lakini kwa uwazi kwamba haitoshi, kwani hakuna daktari anayeweza kupanga matibabu kwa karatasi isiyosema tundu ni la ukuta gani. Ndipo tulipotafuta pahala pengine.

Kliniki ya pili iko upande wa Ng'ambo, si mbali na Darajani kwa miguu, katika jengo ambalo nje halina cha kumvutia mtu. Daktari bingwa wa moyo huja siku moja tu kwa wiki. Tulifika saa mbili asubuhi na tukaingia chumbani saa nane mchana, na katika muda huo wote kulikuwa na bomba moja la maji na mabenchi mawili kwa watu wasiopungua ishirini. Naliweka hili wazi mapema ili asije mtu akadhani kwamba nasifu kila kitu. Lakini yaliyotokea baada ya mlango kufunguliwa yalinifanya nisahau njaa.

Jambo la kwanza alilofanya daktari yule ni kumwacha mtoto atulie. Alimpa kifaa akishike, akampaka jeli kidogo kwenye kiganja ili aone kuwa si sindano, na akamwomba muuguzi amwekee katuni kwenye simu. Kisha akaniambia, "Mama, sogea hapa karibu, nataka uone na wewe." Kipimo kilichukua dakika arobaini na zaidi, na mtoto hakulia hata mara moja.

Alianza pale pale alipoanzia mpimaji wa kwanza, upande wa kushoto wa kifua, na picha ya vyumba vinne vya moyo ikatokea. Hata mimi niliona pengo katikati ya vyumba viwili vya juu. Nikamwambia, "Si hilo tundu, dokta?" Akanijibu kwamba huenda ni hilo, na huenda si lolote, na hapo akanifunza jambo ambalo natamani kila mzazi alijue. Mawimbi ya sauti ya mashine hurudi vizuri yanapoupiga ukuta kwa upana wake. Kifaa kikiwekwa upande ule, mawimbi huenda sambamba na kiambaza cha vyumba vya juu, yaani ukuta unaovitenga, na sehemu ya katikati ya kiambaza hicho ni nyembamba mno hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo mara nyingi hupotea kwenye picha na kuonekana kama pengo ilhali ukuta upo. Kwa mtoto, alisema, pahala pa kuaminika ni chini kidogo ya kidari, juu ya tumbo, kifaa kikielekezwa juu, kwa sababu hapo mawimbi hukipiga kiambaza uso kwa uso. Akakihamisha kifaa na kukiweka hapo. Pengo halikuondoka, na kingo zake zilionekana wazi, zikiwa nene kidogo na zenye kung'aa, na akaniambia kwamba sasa anaweza kusema kwa yakini kuwa ni tundu. Mpimaji wa kwanza alikuwa amepata jibu sahihi, lakini kwa njia ambayo ingeweza kumpa jibu lile lile kwa mtoto mzima kabisa.

Kisha akawasha rangi. Mimi, kama wazazi wengi, nilipoona nyekundu na buluu nilidhani nyekundu ni damu safi na buluu ni damu chafu. Sivyo. Katika kipimo cha Doppler ya rangi, nyekundu ni damu inayokuja kuelekea kifaa na buluu ni damu inayokwenda mbali nacho, basi, na rangi hiyo hiyo hubadilika kifaa kikigeuzwa. Tulichokiona ni mkondo unaotoka chumba cha juu cha kushoto kuingia cha kulia. Alinifahamisha kwamba damu hufuata njia hiyo kwa sababu upande wa kulia wa moyo ni laini na hutanuka kwa urahisi zaidi kuliko wa kushoto, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya mtoto kutokuwa na rangi ya buluu: damu iliyokwisha pita mapafuni hurudishwa mapafuni tena bila ya haja, ilhali ile chafu haiingii mwilini. Mapafu hubeba mzigo wa ziada na ndipo vifua vinapokuja. Vyumba vya kulia vya moyo navyo hutanuka kwa kazi nyingi.

Nilimuuliza lile swali ambalo kila mama hulificha moyoni: je, nilikosea nini nilipokuwa mjamzito? Aliuacha mkono wake kwenye mashine na akanigeukia. Alisema kwamba kila mtoto aliyeko tumboni ana kipenyo baina ya vyumba vya juu vya moyo, na kwamba bila ya kipenyo hicho asingeishi. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake. Damu yenye hewa safi humjia kutoka kwenye kondo kupitia kitovu na kuingia chumba cha juu cha kulia, na kwa kuwa haina la kufanya mapafuni, hukatiza moja kwa moja kwenda kushoto kwa mlango uitwao forameni ovale. Mlango huo una ulimi wake upande wa kushoto, kama pazia. Mtoto anapozaliwa na kuvuta pumzi ya mwanzo, damu hujaa mapafuni na kurudi kwa wingi upande wa kushoto, shinikizo la huko hupanda, na pazia hubanwa ukutani. Kwa watu wengi hushikana kabisa baadaye. Kwa kiasi cha mtu mmoja katika kila wanne halishikani vizuri, na wengi wao huishi umri wao wote bila ya kujua wala kudhurika. Binti yangu alikuwa na hali nyingine: kiambaza chenyewe hakikukamilika, pazia halikutosha kuufunika mlango, na pengo likabaki. Hutokea katika wiki za mwanzo kabisa za ujauzito, mara nyingi bila ya sababu inayojulikana, na aina hii huwapata zaidi watoto wa kike. Sikulia mbele yake. Nililia kwenye ngazi.

Naomba radhi kwa kurefusha hapa, lakini hili ndilo ninaloliita huduma. Daktari alikuwa na watu kumi na tano nje na bado aliona kuwa mama anastahiki kufahamu.

Baada ya hapo aliendelea na mambo ambayo kliniki ya kwanza haikuyagusa. Tundu la vyumba vya juu lina aina zake, na aina ndiyo inayoamua matibabu. Lililo katikati ya kiambaza ndilo linaloonekana zaidi, kiasi cha watoto watatu katika kila wanne wenye tatizo hili. Lililo chini, karibu na valvu, mara nyingi huja pamoja na mpasuko katika valvu ya upande wa kushoto, na likiungana na tundu la chini yake huwa ni kasoro kubwa zaidi ambayo huonekana sana kwa watoto wenye hali ya Down. Lililo juu, pale mshipa mkuu wa juu unapoingia moyoni, ni jepesi kukosekana kwenye kipimo, na mara nyingi hufuatana na mshipa wa pafu la kulia uliopotea njia na kumwaga damu upande usio wake. Iko na aina ya nne, katika mfereji wa damu ya moyo wenyewe, ambayo ni adimu mno. Kwa hiyo daktari aliitafuta mishipa minne ya mapafu mmoja mmoja na kuihesabu kwa sauti mpaka akaridhika kwamba yote inarudi kushoto. Aliiangalia valvu. Akakikagua kiambaza cha vyumba vya chini, ambacho ndicho chenye matundu mengi zaidi kwa watoto kwa jumla, na ule mfereji baina ya mishipa mikuu miwili ambao kwa kawaida hujifunga katika siku za mwanzo baada ya kuzaliwa. Vyote vilikuwa salama.

Mwisho alipima. Tundu lilikuwa na milimita 14 kwa upana wake mkubwa. Alipima na ukingo wa kila upande, yaani masafa kutoka mdomo wa tundu mpaka kwenye valvu, mpaka kwenye mishipa na mpaka kwenye mshipa mkuu wa mwili, na akaandika kila tarakimu. Nilipouliza kwa nini anahangaika na kingo, alisema kwamba tundu dogo la chini ya milimita 5 mara nyingi hujifunga lenyewe katika miaka ya mwanzo, lakini la binti yangu halitajifunga, na kama kingo zinatosha basi huenda mtoto asipasuliwe kabisa. Hilo lilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia, baada ya miezi minne ya neno upasuaji.

Ripoti tuliyopewa siku ile ile ilikuwa na kurasa mbili. Ilitaja aina ya tundu na pahala lilipo, ukubwa wake katika pembe mbili tofauti, urefu wa kingo zote, mwelekeo wa damu, ukubwa wa vyumba vya kulia ikilinganishwa na umri na umbo la mtoto, makadirio ya shinikizo la mapafu, hali ya valvu zote nne, mishipa minne ya mapafu, na mambo yaliyotafutwa na hayakuonekana. Hili la mwisho naliona kuwa na thamani kubwa, kwa sababu anayesoma hujua kwamba kukosekana kwake kumethibitishwa, hakukusahauliwa. Picha zenyewe, zile zinazocheza, tulipewa kwenye flashi. Muhuri ulikuwa mmoja tu.

Gharama ilikuwa shilingi 90,000, na flashi tulinunua wenyewe. Ni shilingi 30,000 zaidi ya kliniki ya kwanza, na ukihesabu nauli ya boti ya watu wawili kwa safari ya pili, chakula na siku mbili za kulala kwa jamaa Mwembetanga, kipimo cha bei nafuu ndicho kilichotugharimu zaidi.

Ripoti hiyo ilipopelekwa pamoja na maombi ya rufaa, hatukuulizwa tena swali hata moja, na tuliitwa Dar es Salaam. Tanzania Bara iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, ambayo huziba matundu ya namna hii kwa katheta, yaani mrija unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu, na kwa upasuaji pia. Kabla ya hapo na hata baadaye, watoto wengi wa Zanzibar wamepelekwa Israel kupitia shirika la Save a Child's Heart, ambalo madaktari wake walikuwa wakija kupima watoto hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Nataja haya ili mzazi ajue kwamba njia zipo, na kwamba katika kila njia daktari aliyeko mbali humwona mtoto wako kwanza kupitia karatasi.

Madaktari waliomtibu walirudia kipimo chao wenyewe, safari hii kwa kifaa chembamba kilichopitishwa kooni mtoto akiwa amelazwa usingizi, na kingo zikakutwa zinatosha kama zilivyoandikwa. Tundu likazibwa kwa kizibo cha waya wa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titaniamu, wenye tabia ya kulirudia umbo lake hata ukinyooshwa. Waliupitisha mrija kwenye mshipa wa kinena mpaka moyoni, wakauvusha tunduni, wakafungua sahani ya kwanza ya kizibo upande wa kushoto, wakaivuta ikagusa kiambaza, kisha wakafungua ya pili upande wa kulia, na kiambaza kikabaki kimebanwa katikati. Kizibo cha namna hii kinachojulikana zaidi ni kile cha Amplatzer, kilichobuniwa na Kurt Amplatz na kuidhinishwa Marekani mwezi wa Disemba mwaka 2001. Hufaa kwa tundu la katikati peke yake, lile lenye kingo za kukishika. Aina nyingine kwa kawaida bado zinahitaji mkono wa mpasuaji. Mtoto aliamka akiuliza habari ya chakula, na alichobaki nacho ni alama ndogo kwenye kinena.

Siusemi vibaya upasuaji. Tundu la vyumba vya juu lina heshima ya pekee katika historia ya upasuaji wa moyo: mwaka 1952 F. John Lewis wa Minnesota alimziba tundu hilo mtoto wa kike wa miaka mitano, umri wa binti yangu, kwa kuupoza mwili wake ili moyo uweze kufunguliwa kwa dakika chache, na tarehe 6 Mei 1953 John Gibbon wa Philadelphia alifanya operesheni ya mwanzo iliyofaulu ya kuufungua moyo kwa msaada wa mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na ugonjwa aliouponya kwa mashine hiyo ulikuwa ni huu huu. Mama ambaye mwanawe ana tundu la juu au la chini asione kwamba amekosa bahati, kwani kazi hiyo ina zaidi ya miaka sabini ya uzoefu. Ninalolilaumu ni kumwandikia mzazi neno upasuaji bila ya kuangalia kama linahitajika.

Sasa niseme kasoro za kliniki ninayoisifu, kwa sababu zipo na zinamchosha mtu wa Pemba kuliko wa mjini. Siku moja kwa wiki haitoshi. Simu yao haikupokelewa mara tatu nilizopiga, na nilijua siku ya daktari kwa kuulizia kwa watu. Hakuna utaratibu wa kuwatanguliza watoto wala wanaotoka kisiwani, kwa hiyo mwenye boti ya kurudi hukaa roho juu. Ripoti imeandikwa kwa Kiingereza chote, na ingawa daktari alinifasiria mstari kwa mstari, mzazi atakayempata siku ambayo amechoka huenda asipate fursa hiyo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya familia usingekuwa kazi kubwa kwa watu wenye moyo kama wao. Nilimwambia daktari hayo yote uso kwa uso, akayapokea, na kuhusu simu aliniomba radhi.

Kuna jambo jingine ambalo si kosa la kliniki hiyo, lakini linaigusa huduma nzima ya visiwa vyetu. Baada ya kizibo, mtoto hutumia aspirini kwa muda wa miezi sita, akilindwa dhidi ya viambukizi hasa anapotibiwa meno, mpaka nyama ya moyo iote juu ya waya. Katika muda huo anahitaji eko nyingine, na baadaye nyingine tena, kuangaliwa kama kizibo kimekaa pahala pake, kama hakuna damu inayovuja pembeni, na kama vyumba vya kulia vimeanza kurudi kwenye ukubwa wake. Kila eko kwetu ni safari ya boti. Mwalimu mwenye mshahara huweza kuifanya, ingawa kwa taabu. Nawajua wazazi wa Micheweni ambao hawataweza, na mtoto aliyezibwa tundu lake kisha asiangaliwe ameachwa nusu ya njia.

Khatari ya kuliacha tundu kubwa bila ya kulitibu nayo daktari wa kliniki ya pili aliniambia waziwazi, na sikuona kuwa alinitisha. Mtoto huweza kukua, akasoma, akaolewa, na tatizo likajitokeza akiwa na miaka thelathini au arobaini kwa moyo kupiga ovyo, kuchoka, au donge la damu linalovuka tundu na kwenda kwenye ubongo. Kwa wachache mishipa ya mapafu hukakamaa, shinikizo hupanda mpaka damu ikageuza njia na kwenda kulia hadi kushoto, na hapo ndipo rangi ya buluu inapokuja, na hapo tundu haliwezi tena kuzibwa. Kwa mama mjamzito hali hiyo ni khatari kubwa mno. Ndiyo maana daktari hupenda aina hii izibwe mapema, mara nyingi kabla mtoto hajaanza skuli au karibu na hapo, hata kama haonekani mgonjwa.

Kwa atakayekwenda, namshauri amvishe mtoto nguo inayofunguka mbele, achukue maji, chakula na kitu cha kumshughulisha kwa saa nyingi, na asimlazimishe kulala njaa kabla ya kipimo, kwani eko ya kifuani haihitaji hivyo. Afike mapema zaidi ya sisi. Abebe flashi yake. Aende na ripoti yoyote ya zamani aliyonayo hata kama ni fupi. Na kabla ya kulipa popote pale, aulize mambo matatu: je, mtakipima kiambaza kutoka chini ya kidari, mtaandika ukubwa wa tundu na kingo zake kwa milimita, na mtanipa picha zenyewe? Kliniki ya pili ilijibu ndiyo mara tatu, bila ya kufikiri.

Eko ya miezi sita tumeshaifanya hapo hapo, tukangoja saa tano, na ripoti yake inasema kwamba hakuna damu inayovuja na kwamba chumba cha chini cha kulia kimepungua kwa milimita 6 kutoka kipimo cha mwanzo, tarakimu ambayo tumeweza kuijua kwa sababu ile ya mwanzo iliandikwa. Aspirini imesimamishwa. Tumepangiwa nyingine mwaka ukitimia, wiki ya pili baada ya skuli kufungwa, na nimeshaweka nafasi ya boti.